Chumvi Isiyotiwa Chunguni

Inapoyeyuka, chupa hupoa.
Chuoni hawakunifundisha hilo. Mkono ulijifunza wenyewe,
asubuhi moja ya Juni, Abancay, mlima Ampay umejitanda ukungu,
nami nyuma ya kaunta natikisa chumvi na maji
mpaka kioo kikaniuma vidole kama maji ya mfereji.
Ayodidi ya potasiamu. Nyeupe. Ungedhani ya mezani.
Niliionja siku hiyo, nami nakukataza:
ni kama kulamba sarafu, kisha uchungu,
kisha mate, mate, mate.

Saturnina amekuja kwa miguu kutoka Tamburco,
Nélida mgongoni, miaka minne,
kidonda shavuni, na chini ya kidonda
vinundu vitatu vinavyoteremkia shingoni
kama punje za mahindi nyuma ya gunia lililotoboka.
"Alichomwa na mwiba, au alikwaruzwa na paka?"
"Vyote," anasema. "Ni mtoto."

Daktari ameandika: kuvu, imehamia chini ya ngozi.
Viko vidonge vipya, vizuri, bei yake kondoo.
Hii bei yake mkate.

Basi sikiliza, na usiitikie kabla sijamaliza.
Hesabu matone kwa sauti.
Leo matatu, ndani ya juisi ya chungwa,
mara tatu, akishakula.
Kila siku ongeza tone, mpaka idadi hii ya daktari.
Hapo simama. Usimwonee huruma ukazidisha.
Makamasi yatamtiririka bila mafua,
chunusi zitamtoka kama mwari.
Hayo yavumilie.
Lakini uso ukivimba, au shingo, au akihema kwa shida,
acha, njoo, hata usiku wa manane, gonga dirisha.
Na kidonda kikifunga usifanye sherehe:
endelea mwezi mzima. Kuvu ina subira kutuzidi.

Chupa ni ya kahawia kwa sababu mwanga ni mdokozi,
humchomoa ayodini polepole.
Ukiona maji yamepiga manjano, niletee, usimpe.
Funga kizibo. Weka juu, mbali na jiko, mbali na mdogo wake.
Una mimba?
Usinitazame hivyo, nauliza kila mwanamke.

Bibi yangu alikula chumvi nyingi, kama wasemavyo,
miaka tisini na mmoja,
ila chumvi ya milima hii ilikuwa tupu.
Rovu lake alilifunga kwa skafu nyekundu;
mimi nilidhani amemeza yai, likakwama, na anaona haya kusema.
Chembe tu ya hii, katika gunia zima la chumvi,
ingemtosha.
Chembe. Ikizidi, tezi ileile huasi.

Akaingia don Fortunato, redio kwapani,
anataka vidonge kumi na viwili, vita vinakuja, mionzi inakuja.
Don Fortunato, hii hulinda tezi moja tu:
huketi kitini kabla mgeni mbaya hajaingia.
Mifupa haiilindi, ngozi haiilindi,
na humezwa siku serikali ikisema meza.
Tena kinu pekee kilicho karibu nawe
ni kile anachotwangia mkeo.
Alinunua peremende, akaondoka amenuna.

Wiki ya kumi na moja Saturnina alirudi.
Shavuni kovu jembamba, kama uzi ulioachwa na fundi.
Nélida alipanda kwenye kigoda, akaanza bila kuombwa:
huk, iskay, kimsa, kwa Kikechua,
akapita kumi, akapita ishirini,
akawa anainamisha kichwa kila namba
kana kwamba tone linadondoka.

Nikauliza chupa iko wapi.
"Nimeiosha," mama akasema, "nimetia mafuta ya kupikia."
Nilifungua mdomo. Nikafungua daftari badala yake,
na kwenye orodha ya maonyo
nikaongeza mstari mmoja,
kwa herufi kubwa.